Ajali ikishatokea, lawama hugawanywa kwa ushahidi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, lori na gari dogo la mizigo yaligongana usiku nchini Uingereza, katikati ya barabara iliyonyooka. Madereva wote wawili walikufa. Hapakuwa na shahidi hata mmoja wa kusema ni nani aliyeingia upande wa mwenzake. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufaa mwaka 1953, majaji, akiwemo Jaji Denning, walikataa kumwacha mjane wa mmoja wa madereva arudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu tu wafu hawasemi. Magari mawili hayagongani katikati ya barabara bila mtu kukosea, ndivyo walivyoona. Na pakikosekana kitu cha kuonyesha aliyekosea zaidi, basi wote wawili wamekosea sawasawa.

Hukumu hiyo ya zaidi ya miaka 70 ingali hai katika mahakama za Kenya. Mahakama ya Rufaa mjini Nairobi ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2006: dereva huyu anasema hivi, yule anasema vile, na hakuna ushahidi wa tatu wa kuwatenganisha, basi kila mmoja abebe nusu ya lawama. Tangu hapo mahakimu wamegawanya nusu kwa nusu katika kesi zisizohesabika.

Kwa mtu ambaye hakukosea lolote, nusu hiyo ni hasara kubwa. Aliyestahili shilingi milioni 2 kwa mguu uliosagika huondoka na milioni 1. Na mara nyingi kilichokosekana ni kitu kidogo kabisa: picha moja ya magari kabla hayajasogezwa, jina la mama aliyekuwa akiuza mahindi kando ya barabara, mchoro wa polisi ambao hakuna aliyeuleta mahakamani. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani nchini kila mwaka tangu 2021. Majeruhi ni wengi kuliko hao mara kadhaa. Kila ajali ya namna hiyo huzaa swali la nani alikosea, na jibu lake ndilo huamua kama watoto wa marehemu watasoma.

Barabarani kwenyewe lawama hutolewa haraka. Kabla vumbi halijatulia, umati umeshaamua: mwenye gari kubwa ndiye mkosa, au mwenye boda boda, kwa kuwa "hawa wanajulikana". Imani iliyotawala kuliko zote ni kwamba aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, hakuna mjadala. Mara nyingi huwa hivyo, maana dereva anatakiwa kuacha nafasi ya kumtosha kufunga breki hata aliye mbele akisimama ghafla. Lakini mahakama hazichukulii jambo hilo kama amri. Lori lililoharibika na kuachwa usiku nusu yake ikiwa juu ya lami, bila taa wala pembetatu za kuakisi mwanga, linaweza kutwikwa sehemu kubwa ya lawama ingawa lilikuwa limesimama tuli. Hakimu hupima pande zote mbili, kisha huandika asilimia: 80 kwa 20, 70 kwa 30, au ile nusu kwa nusu inayoogopwa na kila wakili aliyejiandaa vibaya.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kuumia peke yake hakumpi mtu haki ya kulipwa. Mahakama ya Rufaa ilisema waziwazi mwaka 1991 kuwa katika sheria za Kenya bado hakuna dhima bila kosa, na kwamba anayedai kwa msingi wa uzembe lazima athibitishe uzembe fulani wa anayemshtaki. Majeruhi hulijua hili akiwa tayari mbele ya hakimu, wakili wa upande wa pili akimuuliza: gari lilitokea wapi? Lilikuwa likienda kasi gani? Wewe ulikuwa umesimama umbali gani kutoka ukingo wa lami? Aliyezimia papo hapo na kuzindukia wodini atajibu nini? Sheria humpunguzia mzigo pale ajali inapojieleza yenyewe, kama matatu iliyoacha barabara kavu na kupinduka bila kuguswa na gari lolote. Hapo mwenye gari ndiye anayetakiwa kueleza kilichotokea. Kwa ajali nyingine, atafutwe aliyeona.

Ushahidi wa kwanza ni ule wa dakika zile zile. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina, anwani na nambari ya gari, na akishindwa kufanya hivyo apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Mtu akiwa ameuawa au ameumia vibaya, magari hayafai kusogezwa kabla polisi hawajaruhusu, isipokuwa kwa kuwaokoa watu au kuondoa hatari. Kila mtu ana simu yenye kamera siku hizi, lakini picha nyingi zinazopigwa ni za damu na vyuma vilivyopondeka. Picha zinazosaidia kesi ni nyingine kabisa. Piga alama za matairi, vipande vya vioo vilivyolala juu ya lami, mstari wa katikati ukionekana pamoja na magari yote mawili, taa za barabarani, kibao cha mwendo. Vioo huanguka karibu na pale magari yalipokutana, na ndivyo vinavyoonyesha ni nani aliyetoka upande wake.

Kuna sharti la kisheria ambalo limezika ushahidi mzuri. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai kwamba picha au video ya kielektroniki inapoletwa mahakamani iambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichoitoa na namna ilivyohifadhiwa. Video iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila kujulikana aliyeirekodi inaweza kukataliwa mara moja. Mtafute aliyerekodi, mwombe asiifute, andika nambari yake. Kama kituo cha mafuta kilicho karibu kina kamera, nenda mapema, kwa kuwa mitambo mingi hufuta rekodi za zamani ili kupata nafasi ya mpya.

Baada ya hapo ni kituoni, na kituoni hutolewa karatasi inayoaminiwa kupita kiasi: abstrakti ya polisi. Inaonyesha tarehe, mahali, nambari za magari, majina ya waliohusika na kampuni za bima. Familia huihifadhi kama hati ya shamba. Hata hivyo majaji wamerudia tena na tena kwamba abstrakti huthibitisha kuwa ajali iliripotiwa. Haithibitishi aliyekosea. Uzito uko kwenye faili yenyewe: mchoro wa eneo la ajali wenye vipimo, maelezo ya mashahidi, ripoti ya ukaguzi wa magari, na zaidi ya yote, afisa aliyefika pale na kuona kwa macho yake.

Hapa ndipo kesi nyingi huvunjika, na ni jambo la kusikitisha. Kesi husikizwa baada ya miaka, na afisa aliyechora ramani ameshahamishiwa kaunti nyingine au amestaafu. Anayekuja badala yake hujua tu kilichoandikwa kwenye kitabu cha matukio. Akiulizwa kama alifika kwenye eneo la ajali, husema hakufika. Akiulizwa mchoro uko wapi, husema faili haionekani. Mahakama haina budi kuupa ushahidi wake uzito mdogo. Mwananchi aliyeumizwa hana uwezo wa kumlazimisha polisi atunze faili, lakini ndiye anayebeba hasara ikipotea. Faili ya ajali iliyoua au kulemaza mtu ilifaa kuhifadhiwa kwa nakala, na familia kupewa mchoro huo bila kuzungushwa. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji amri tu.

Upande wa dereva, kosa kubwa zaidi hufanyika katika mahakama ya trafiki. Ameshtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu, anataka kurudi kazini, anakubali kosa, analipa faini na kuondoka. Hajui kwamba ameshafunga nusu ya kesi nyingine ambayo haijaanza. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai iliyokwisha muda wa rufaa ni thibitisho kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa lile. Majeruhi atakapomshtaki akitaka fidia, dereva huyo hawezi tena kudai kwamba hakuwa mzembe.

Anachobakiwa nacho ni kilichoamuliwa mwaka 1971 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Dereva aliyehukumiwa hawezi kukana uzembe wake, walisema majaji, lakini anaruhusiwa kuonyesha kwamba mwenzake naye alichangia. Anayeachiliwa huru, kwa upande wake, asisherehekee mapema. Jinai hudai ushahidi usioacha shaka ya maana, ilhali kesi ya fidia huamuliwa kwa kuangalia upande upi una uzito zaidi. Mtu anaweza kushinda ya kwanza na kushindwa ya pili kwa ajali ile ile.

Mzigo wa lawama haubaki kwa dereva peke yake. Hupanda hadi kwa mwenye gari, kwa kuwa aliyemtuma dereva hubeba makosa ya dereva huyo. Na mwenye gari ni nani? Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamhesabu yule ambaye jina lake liko kwenye sajili kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtu ameuza pikapu yake, amepokea fedha, wameandikiana karatasi, lakini uhamisho kwa NTSA haukufanyika kwa sababu mnunuzi aliahidi kuufanya "wiki ijayo". Miaka miwili baadaye anapelekewa karatasi za mahakama kuhusu ajali iliyotokea kaunti ambayo hajawahi kufika. Anaweza kujiokoa akiwa na mkataba wa mauzo na thibitisho la malipo. Bila hivyo, atalipia gari ambalo si lake. Anayedai naye asiridhike na jina lililo kwenye abstrakti. Rekodi ya umiliki kutoka NTSA ndiyo salama zaidi, ingawa mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba abstrakti inaweza kutosha kuonyesha umiliki ikiwa upande wa pili hauipingi.

Abiria ndiye mwenye kesi nyepesi kuliko wote, kwa kuwa hakushika usukani. Lakini hata yeye hukosea kwa kumshtaki dereva mmoja tu. Magari mawili yakigongana, abiria awashtaki wote wawili, mahakama igawanye lawama yenyewe. Akimchagua mmoja na mwishowe ikaonekana kosa lote lilikuwa la yule mwingine, huenda muda wa kumfuata huyo wa pili umeshakwisha. Kwa ajali ya basi lililokuwa na abiria wengi, mahakama huweza kuchagua kesi moja isikizwe kwanza kuhusu lawama, na uamuzi wake ukawafunga wengine wote. Anayesubiri kesi ya mwenzake aisikilize kwa makini kama ni yake.

Mkanda wa usalama nao una hesabu yake. Katika kesi mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1975, dereva ambaye hakukosea lolote barabarani alikatwa asilimia 20 ya fidia yake kwa kuwa hakufunga mkanda, ingawa wakati huo haukuwa lazima kisheria. Nchini Kenya mikanda ililazimishwa kupitia kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004, kwa hiyo anayeiacha ikining'inia ana utetezi dhaifu zaidi. Kwa watoto sheria ni pole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kutwikwa lawama kwa ajali iliyomuumiza. Dereva akisema mtoto alitokea ghafla, hilo linahusu kama yeye dereva alikuwa mwangalifu. Halimpi mtoto sehemu ya kosa.

Sasa fedha. Bima inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Gari lako lililopondwa halimo katika lazima hiyo, na abiria uliyempa lifti kwenye gari la kibinafsi naye hayumo. Kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hapo hutoka mfukoni mwa mwenye gari. Kampuni ya bima haishtakiwi kwanza. Hushtakiwa dereva na mmiliki, kampuni ikapewa notisi katika muda uliowekwa, na hukumu ikitoka bila kulipwa, mshindi hufungua kesi ya pili dhidi ya kampuni ili ilazimishwe kulipa. Mwenye bima naye ana wajibu: aarifu kampuni yake mapema hata akiamini hana kosa, na asitie saini karatasi yoyote kituoni ya kukubali kulipa. Sera nyingi za bima zinamkataza kukiri kosa bila idhini ya kampuni, na saini hiyo inaweza kumwacha peke yake.

Kuna jeraha jingine ambalo halitajwi sana: kampuni yenyewe kuanguka. United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Invesco ikafungwa mwaka 2024, na zote zilikuwa zimekatia bima magari ya abiria. Waliokuwa na hukumu mkononi waliachwa wakishika karatasi. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai, kiasi ambacho hakifiki hata gharama ya upasuaji mmoja wa nyonga katika hospitali ya kibinafsi.

Gari likiwa ndilo lililoumia, bila mtu, kuna njia fupi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Aende na ripoti ya mtathmini, picha, na risiti za gereji. Gharama zilizokwisha kutumika lazima ziorodheshwe moja moja na kuthibitishwa kwa stakabadhi, katika mahakama yoyote ile. Fedha za mazishi, za gari la wagonjwa, za dawa: kisicho na risiti mara nyingi hakilipwi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yanafanana kwa mengi. Tanzania, kama Kenya, inampa mtu miaka 3 kudai fidia kwa uzembe, na majeruhi huanza safari yake kwa fomu ya PF3 kutoka polisi. Tofauti njema ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, ambako anayevutana na kampuni anaweza kusikizwa bila kuingia mahakamani. Mkenya hupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Na kama lori lililokugonga lina nambari za nchi jirani, usikate tamaa. Kadi ya Manjano ya COMESA huwakinga watu wanaoumizwa na magari ya kigeni yaliyo safarini, na dai hufuatiliwa hapa hapa nchini.

Mbele ya yote hayo husimama watu wanaofika wodini kabla daktari hajamaliza kushona, wakiahidi fidia nono kupitia wakili wao. Wakili haruhusiwi kufanya mapatano ya kulipwa sehemu ya fidia endapo tu atashinda. Sheria ya Mawakili inayabatilisha. Majeruhi pia asitie saini hati ya kuachilia dai kwa ajili ya elfu chache za haraka huku hajui kama mfupa utaunga. Saini hiyo hufunga kesi.

Linabaki kundi ambalo ushahidi wote duniani hauwezi kulisaidia: waliogongwa na gari lililotoroka, au lisilo na bima na ambalo mwenyewe hana kitu. Kwa hao mahakama za Kenya hazina la kuwapa, kwa kuwa hakuna wa kushtakiwa, au yupo lakini hana cha kulipa. Rwanda imeona mbali zaidi. Ina mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa wanaoumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Kenya, yenye magari mengi zaidi na soko kubwa zaidi la bima, haina mfuko wa aina hiyo, na hakuna sababu ya heshima ya kuukosa. Sehemu ndogo tu ya ada inayotozwa kila stika ya bima ingeuanzisha.

Bunge liliwahi kukaa na kuweka kikomo cha milioni 3 ili kampuni za bima zisizidiwe. Likae tena, safari hii kwa ajili ya mwendesha boda boda aliyeachwa mtaroni na gari lisilojulikana. Huduma ya Polisi nayo iamue kwamba mchoro wa ajali ni mali ya aliyeumia kama ulivyo mali ya kituo. Na msomaji ambaye yeye au jamaa yake aligongwa hivi karibuni aangalie kalenda leo: ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi, na miezi 12 pekee ikiwa gari lilikuwa la serikali.